Dunia Nzima Chini ya Meza: Gemu za Maandishi, Wenyeji Wake na Sisi Tuliobaki Wageni

Soma hii kwanza mtu wangu, halafu tuongee.

Uko ukingoni mwa Ziwa Rutamba. Jua linazama nyuma ya mikorosho. Mtumbwi umefungwa kwenye mti. Kuna njia ya msituni na njia ya sokoni.
Mzee wa Nyavu yupo hapa.
> sema Shikamoo
Unasema, "Shikamoo."
Mzee wa Nyavu anasema, "Marahaba. Msituni usiende usiku huu."
> nenda msituni
Giza. Huoni kitu. Kuna kinachopumua karibu yako.

Basi, hiyo ndiyo gemu yenyewe. Hakuna picha, hakuna muziki, hakuna nguo za kununua kwa diamondi kama kwenye Free Fire. Maandishi tu. Unaandika "nenda", inakwambia umefika wapi. Unaandika "sema", na wote mliopo hapo mnasoma ulichosema. Na yule Mzee wa Nyavu si roboti. Ni mtu kama wewe, amekaa kwake huko anajichekea kwa sababu anajua kilichopo msituni.

Hiyo ya Rutamba nimeitunga tu ili uone inavyokuwa. Aliyekulia kwenye hadithi za jioni haihitaji maelezo mengi: mmoja anasema "paukwa", wengine wanajibu "pakawa", na kuanzia hapo dunia inajengwa kwa maneno matupu. Tofauti ni kwamba humu msikilizaji naye anaingia ndani ya hadithi, anaokota panga, anagombana na msikilizaji mwenzake. Kimataifa gemu hizi zinaitwa MUD, na kabla ya hizo gemu kubwa za mtandaoni unazozijua leo, hizi zilikuwepo mamia kwa mamia.

Ila leo sitaki kuhangaika na mazimwi. Nataka tumtazame mtu ambaye hatajwi sana kwenye hizi stori: yule ambaye gemu ilikuwa inaishi kwake. Maana kila dunia ya namna hii, hata ikiwa na wachezaji kutoka nchi kumi, lazima iwe ndani ya mashine fulani, mashine iwe kwenye chumba fulani, na chumba kiwe na mtu anayelipa umeme. Kiswahili kina neno lake safi kabisa: mwenyeji. Wengi wa wenyeji hao hatujui hata majina yao halisi. Walijulikana kwa lakabu za kichawi, wakaendesha dunia za watu miaka kumi, siku moja wakahama nyumba au wakaoa, mashine ikazimwa, ikawa ndiyo basi.

Stori inaanza mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Mwanafunzi anaitwa Roy Trubshaw akaanza kuandika gemu kwenye kompyuta kubwa ya chuo, na mwaka 1980 akamwachia mwenzake Richard Bartle aiendeleze. Mashine haikuwa yao. Chuo kiliwaruhusu watu wa nje waingie kwa njia ya simu usiku wa manane, wakati hakuna profesa anayeihitaji. Kwa hiyo dunia ya kwanza ya namna hii ilikuwa dunia ya watu wasiolala. Bartle hakutoka familia ya vigogo, na amesema mara nyingi kwamba walitaka mahali ambapo mtu haulizwi amezaliwa kwa nani wala ana lafudhi gani. Humo ndani ukipanda cheo ni kwa sababu umecheza, siyo kwa sababu mjomba wako anamjua mtu.

Mwaka 1987 kijana mwingine, Alan Cox, akiwa Aberystwyth kule Wales, akatengeneza ya kwake, na haikupita muda ikaandikwa upya kwa lugha ya C. Kwa asiye mtu wa kompyuta, maana yake ni kwamba gemu iliacha kufungwa kwenye mashine moja. Ikawa mbegu, unaichukua unaipanda kwako. Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Mwaka 1989 Lars Pensjö wa Gothenburg, Sweden, akatoa yake ambayo mchezaji akifika ngazi ya juu anapewa ruhusa ya kuijenga dunia yenyewe. Mwaka huohuo James Aspnes wa Carnegie Mellon, Marekani, akawasha TinyMUD, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa watu kupiga stori na kujenga vyumba. Aspnes alitegemea watu wataichoka ndani ya mwezi mmoja. Haikuwa hivyo. Vyumba viliongezeka mpaka mashine ikalemewa, na Aprili 1990 ikafungwa. Waliokuwa wakaazi wake waliipenda kiasi kwamba baadaye ilikuwa ikifufuliwa kwa siku moja tu kwa mwaka, Agosti 20, watu wanarudi kusalimiana kama wanaozuru kijiji cha zamani.

Halafu mwaka 1991 vijana watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, wakatoa DikuMUD. Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na sababu ni rahisi: unaipakua, unaifungua, unaiwasha, na papo hapo una mji wenye soko, hekalu, walinzi na mashimo ya kwenda kufia. Walitoa bure kwa masharti machache. Usiiuze, usitoze watu pesa, na majina yetu yabaki yanaonekana. Gemu maarufu ya EverQuest ilipotoka mwaka 1999 ilifanana nayo mno, hadi waliotengeneza EverQuest ikabidi watoe tamko la kiapo mwaka 2000 kwamba hawakuchukua msimbo wa wale Wadenmarki. Na World of Warcraft ya 2004 imepita humohumo. Kwa hiyo ukiona leo mtu anakesha akipandisha leveli, ujue ukoo wake unaanzia kwenye maandishi meupe juu ya kioo cheusi.

Sasa turudi kwa mwenyeji. Kabla intaneti haijaingia majumbani, Marekani na Ulaya kulikuwa na watu wanaoweka kompyuta chumbani, wanaiunganisha na simu ya mezani kupitia modemu, na mtu yeyote akipiga namba hiyo kompyuta inapokea. Ya kwanza kujulikana iliwashwa Chicago mwaka 1978, baada ya theluji kuwafungia ndani watu wawili walioitengeneza. Unasoma matangazo, unaacha ujumbe, unakata simu ili mwingine apige. Laini moja, mgeni mmoja kwa wakati.

Na bado walicheza pamoja! Gemu iliyotamba humo, Legend of the Red Dragon ya mwaka 1989, ilikuwa ya zamu. Kila siku una mapigano yako machache, ukiyamaliza unalala mpaka kesho. Ukilala hovyo shambani, mchezaji anayefuata kupiga simu anaweza kukukuta na kukumaliza ukiwa umelala. Kwa hiyo ulikuwa unalipia chumba gesti. Lakini hata gesti hukuwa salama, maana adui yako akiwa na hela anamhonga muuza baa, anapewa ufunguo wa chumba chako. Hebu fikiria: unaamka asubuhi kwenda shule, unapiga simu, kompyuta inakwambia umeuawa usiku na jirani wa mtaa wa pili. Hiyo drama ilikuwa na kilobaiti chache tu na ilikuwa tamu kuliko tamthilia.

Miaka ya 1990 ikaja Linux, ikaja intaneti ya kudumu isiyokatika kila ukikata simu, na hapo mwenyeji wa nyumbani akawa mtu kamili. Picha yake ni hii. Kompyuta kuukuu ambayo hakuna anayeitaka, haina hata kioo, imesukumwa chini ya meza karibu na miguu. Inaunguruma usiku kucha. Inasubiri wageni kwenye mlango namba 4000, ambao ndio mlango wa kawaida wa ukoo wa Diku. Ndani yake kuna watu thelathini, arobaini, mmoja yuko Finland, mwingine Brazil, wako katikati ya vita kubwa na zimwi walilolipangia wiki nzima. Halafu mtu wa nyumbani anaingia, anatafuta pa kuchomeka pasi, anachomoa waya. Watu arobaini wanaganda.

Hiyo mashine haikuhitaji kuwa na nguvu. Herufi moja inachukua baiti moja. Makala hii unayosoma ni kama kilobaiti 15 tu, wakati picha moja ya kawaida ya WhatsApp inaweza kufika 100 na zaidi. Unaweza kucheza gemu ya maandishi jioni nzima ukatumia bando dogo kuliko la video ya sekunde kumi. Hata hivyo, palipokuwa na waya mwembamba palitokea kelele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa vyuo vikuu vya Australia uliwahi kuzipiga marufuku gemu hizi, kwa hoja kwamba wanafunzi wanaila laini ghali ya kwenda nje. Ikumbuke hiyo, kwa sababu sisi laini yetu ilikuwa nyembamba zaidi.

Ila nisikuchoree mwenyeji kama malaika. Aliyekuwa na mashine alikuwa mungu wa mle ndani, na neno "mungu" kweli ndilo lilikuwa cheo chake kwenye gemu nyingi. Anakufuta, anakusikiliza ukichati, anampa demu wake upanga usioshindika. Hakuna pa kukata rufaa.

Kesi iliyoweka wazi suala hili ilitokea LambdaMOO, dunia ya maandishi iliyowashwa na Pavel Curtis kwenye kompyuta ya kituo cha utafiti cha Xerox, California, mwaka 1990. Mwaka 1993 kuna mhusika aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni, mahali watu wanapokaa kupiga stori, akatumia ujanja wa programu kuwafanya wahusika wa watu wengine waonekane wanafanyiwa, na wanafanya, mambo ya udhalilishaji wa kingono mbele ya kila mtu. Maandishi tu, ndiyo. Lakini mmoja wa waliofanyiwa alikuwa analia mbele ya kompyuta yake. Wakaazi wakakaa kikao kirefu, wakabishana: tumfanye nini? Nani ana haki ya kuamua? Curtis alikuwa ameshatangaza kwamba waendeshaji wa mashine hawataingilia tena ugomvi wa wakaazi. Kikao kikaisha bila uamuzi, na mmoja wa waendeshaji akaamua peke yake, akamfuta. Baadaye Curtis akaweka utaratibu wa hoja na kura ili wakaazi waamue wenyewe. Mwandishi Julian Dibbell aliiandika kesi hiyo kwenye gazeti la Village Voice mwezi Desemba mwaka huo, na mpaka leo wanaosomea sheria za mtandao wanaisoma. Jina halisi nyuma ya Mr. Bungle halikuwahi kutangazwa.

Ninachokiona mimi kwenye kesi ile ni ukubwa wa jamii. Walikuwa wachache kiasi cha kutosha kukaa kikao, na aliyeshika swichi walikuwa wanamjua na wanaweza kumkera mpaka abadilike. Leo akaunti yako ikifungwa, unamwandikia nani?

Sasa sisi tulikuwa wapi wakati huo wote?

Tanzania kompyuta iliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wizara ya Fedha ilikuwa na yake tangu mwaka 1965. Shida ikaja baadaye: mfumo wa hesabu za serikali ulivurugika vibaya kwenye mashine, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tangazo hilohilo liligusa na televisheni. Ndiyo maana bara ilingoja mpaka mwaka 1994 kuona vituo vyake vya TV, wakati Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Marufuku ya kompyuta ilikuja kulegea taratibu, miaka ya 1980 kuelekea 1990. Sasa weka tarehe hizo pamoja. Trubshaw anaanza gemu yake Essex, huku kwetu kompyuta ya mtu binafsi ni bidhaa isiyoruhusiwa kupita bandarini. Si suala la akili wala la uvivu. Mashine ya kuweka chini ya meza haikuwepo, na wengine hata meza ilikuwa ya kugombania.

Zilipoanza kuingia, ziliingia kwa kazi nzito. Na hapa kuna kitu huwa kinanifurahisha na kuniuma kwa wakati mmoja. Mwaka 1984 jamaa mmoja wa San Francisco, Tom Jennings, alibuni Fidonet, njia ya zile kompyuta za chumbani kupigiana simu usiku, muda ambao simu ni rahisi, na kubadilishana barua zote kwa mkupuo. Ilikuwa ni starehe ya watu wenye hobi zao, walewale waliokuwa wakiuana gesti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 teknolojia hiyohiyo ndiyo iliyofika kwetu. Nairobi ilikaa kwenye ofisi ya shirika la mazingira la ELCI. Kampala ikakaa Makerere. Dar es Salaam, Muhimbili palikuwa na kituo cha HealthNet kilichopokea barua za madaktari kupitia setilaiti ndogo inayopita juu mara chache kwa siku: ikipita unatuma, ikipotea unasubiri.

Kompyuta moja, modemu, mtu mmoja anayeiangalia usiku. Vifaa vilevile. Kule vilibeba zimwi na muuza baa, hapa vilibeba ripoti za chanjo na ukame. Naelewa kwa nini. Dakika ya simu ya kwenda nje ilikuwa na bei ya kutisha, na hakuna mkurugenzi ambaye angekubali kuilipia ili kijana akapigane na joka. Lakini ndivyo kizazi kizima cha watu waliojua kuendesha mitambo hiyo kilivyojifunza kompyuta kama kitu cha ofisi, cha mradi, cha kusainiwa. Kule wenzao walijifunza uendeshaji wa seva kwa sababu gemu imekufa saa tisa usiku na marafiki wanalalamika. Huo nao ni shule, na sisi hatukuandikishwa.

Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kampuni za intaneti kama CyberTwiga, halafu kafe zikajaa Dar. Kafe ilikupa saa moja ya kuwa mgeni kwa mtu. Unalipa, unaingia Yahoo, muda ukiisha kioo kinajifunga.

Na hiyo ni Dar. Sogea Lindi uone. Rutamba ni kata iliyoingia ndani kidogo kutoka pwani ya Lindi: ziwa, msitu wa Litipo, mikorosho, ufuta. Kusini kote huko masika yakikolea barabara ya Dar ilikuwa inakatika, na Rufiji ulikuwa unaivuka kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Umeme wa Lindi na Mtwara ulikuwa wa majenereta ya dizeli mpaka gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kutumika miaka ya 2000, na vijijini wengi walibaki gizani mpaka miradi ya REA. Mashine ya kuwaka usiku kucha chini ya meza ingewaka na nini?

Usidhani lakini kwamba uwenyeji ni kitu kigeni Rutamba. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka Ruvuma wakikimbia, na Rutamba pakawa moja ya makazi ya wakimbizi. Watu walipewa ardhi, wakalima, wakaishi. Kwa hiyo kupokea wageni wanajua sana. Walichokosa ni waya.

Waya ulikuja kwa njia yake. Mwaka 2009 mkebo wa SEACOM ulifika Dar kupitia baharini, mwaka uliofuata ukaja EASSy, na simu janja zikafanya mengine. Leo kijana wa Rutamba mwenye bando ana kasi ambayo Bartle hakuiota. Na simu aliyonayo mfukoni, hata ile ya bei ya chini, ina nguvu kuliko kompyuta nzima iliyobeba LambdaMOO. Tatizo limeisha?

Hapana. Na hapa naomba unisikilize, kwa sababu wengi hawajui. Namba za zamani za intaneti, zile ambazo kila kifaa hutambulika nazo, jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na Afrika tulikuja kwenye mgao tukiwa tumechelewa. Kwa hiyo mitandao mingi ya simu haikupi namba yako mwenyewe. Inawaweka wateja maelfu nyuma ya namba moja. Unakumbuka Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba zikabandikwa vibao? Sasa fikiria mtaa mzima una kibao kimoja getini na mlinzi mmoja. Wewe kutoka unatoka: unakwenda YouTube, unakwenda TikTok, mlinzi anakukumbuka unarudi. Lakini mgeni akija mwenyewe getini akisema namtafuta mwenye gemu, mlinzi anamwambia humu wako elfu tano, unamtaka yupi? Anamrudisha.

Kwa maneno mengine unaruhusiwa kutembelea dunia yote, ila wewe kutembelewa ni shughuli. Ukitaka kuwa mwenyeji unakwenda kupanga chumba kwenye seva ya kampuni ya Ulaya au Marekani, unalipa kwa dola kila mwezi. Mpangaji tena.

Juu yake ongeza kwamba uwenyeji wa mtandaoni hapa nyumbani una sheria zake. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa kuwa na leseni na kulipa ada, na baadhi walizima kwanza wakingoja kuona. Sisemi watu wasiwajibike. Mr. Bungle ametuonyesha kwa nini mwenyeji lazima awajibike. Nasema ukiwa na umri wa miaka 17 na unataka marafiki sita waje kucheza kwako, milango ni mingi mno kabla ya kufika sebuleni.

Isipokuwa kuna mlango mmoja ambao hauna mlinzi. Simu ya Android inaweza kuwekewa programu ya Termux, na ndani ya Termux unaweza kuwasha gemu ya maandishi kama ile iliyokuwa chini ya meza. Washa hotspoti. Mara nyingi simu nyingi za zamani hujipa namba 192.168.43.1 zikiwa hotspoti, mpya zina namba nyingine, unaiangalia kwenye mipangilio. Wenzako wanajiunga na hotspoti yako, wanafungua programu ndogo ya Telneti, wanaandika namba hiyo na mlango 4000. Wameshaingia. Hakuna bando linalokatwa, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya hapo mlipokaa. Mtandao unaweza kuwa umekata mkoa mzima na nyie mnaendelea. Angalizo moja: Telneti haifichi neno la siri, kwa hiyo usitumie lile la benki yako.

Wageni hawazidi wanane, kumi hivi, kutegemea simu. Na chaji inakwenda. Ikifika asilimia tano mwenyeji anaandika amri ya kuhifadhi, gemu inafungwa, na dunia yote, ziwa, soko, msitu na Mzee wa Nyavu, inabaki faili dogo ambalo Xender inalirusha kwa sekunde. Mwenye chaji kati yenu analipokea, analiwasha kwenye simu yake, na anabadilisha jina la hotspoti ili wengine wajue leo tumehamia kwa nani.